Kijiji Haisemake "Niko"

Watu wa redio wakimtaja husema "mwanamuziki mkongwe wa milima ya Masisi", na yeye akiwasikia alikuwa anatema mate pembeni. Mkongwe ni mti, alisema. Yeye ni mtu na bado hajamaliza. Sisi tuliomfuata miaka yote ya vita, wengine kutoka Mushaki, wengine kwa miguu kutoka upande wa Walikale, tulimwita Muzee wa Gitare, basi. Jina lake la ubatizo lipo, lakini hapa halina kazi, na la baba yake halina kazi kabisa. Mimi ni mama wa duka. Nauza chumvi, sabuni, betri na mafuta ya taa. Kwetu ni Butembo. Nilikuja hapa Mweso, mashariki ya Kongo, na mume wangu tukifuata biashara ya maharagwe, mume akafa, nikabaki. Ninachokijua vizuri ni wateja wangu, na huyu alikuwa msumbufu kuliko wote.

Wimbo wenyewe niueleze kwanza, kwa sababu bila huo hamtaelewa kwa nini watu walivuka vizuizi vya wenye bunduki ili kumsikia mzee mwenye kikohozi. Alikuwa na nyimbo nyingi, za ng'ombe, za wakwe, za mvua inayoharibu viazi. Lakini katikati ya kila onyesho gitaa lilipungua, likabaki linanguruma kwa kamba moja, na yeye akaanza kuita vijiji.

"Kirolirwe!"

Na watu wa Kirolirwe, popote walipo ndani ya umati, wanajibu kwa pamoja: "Tuko!"

"Mushaki!"

"Tuko!"

Anaendelea hivyo, na akifika kwenye vijiji visivyobakiwa na paa hata moja, ambavyo watu wake wanalala chini ya turubai hapa Mweso au Kitshanga, ndipo anapoongeza sauti. Nao wanajibu kwa hasira kabisa, kama mtu aliyeambiwa amekufa naye amesimama mlangoni. Mara ya kwanza niliposikia nililia, na mimi si wa huko. Nilijificha nyuma ya mwavuli wangu nikalia mpaka wimbo ukaisha.

Desturi hiyo hakuitunga yeye. Zamani kwenye milima hii, watu walikuwa wakiamka asubuhi wanaitana ng'ambo ya bonde kabla ukungu haujapanda. Mmoja anaita jina la nyumba, nyumba inajibu "Tuko", na siku inaanza. Nyumba isiyojibu, mtu anashuka bonde kwenda kuangalia kuna nini. Anayejibu anajibu kwa wote, kwa mgonjwa aliyelala ndani na kwa mtoto aliye bado tumboni. Vita vilipokuja, kuitana kukakoma, kwa sababu anayejibu anajulisha alipo. Yeye akaichukua sauti ile ambayo watu walikuwa wameogopa kuitoa, akaitia kwenye bafle, ile spika yake kubwa.

Lakini kulikuwa na kijiji kimoja ambacho hakukiita hata siku moja, nacho kilikuwa chake. Kinaitwa Luhemba, kiko juu ya kilima upande wa njia ya kwenda Walikale, na kilichomwa mapema, kabla watu hawajazoea kuchomewa. Kila mpenzi wa muziki wake alilijua jina hilo. Hakuna aliyethubutu kulisema mbele yake.

Gitaa lake lilikuwa la umeme, lakini sehemu kubwa ya umeme huo ilikuwa maombi. Kamba zake zilikuwa nyuzi za kebo ya breki ya pikipiki, alizozifumua moja moja na kuzisugua kwa majivu. Ndiyo sababu wenye pikipiki, wakisikia Muzee amefika, walikuwa wanaingiza pikipiki zao ndani ya nyumba. Siku moja nilimwagizia kamba za kweli kutoka Butembo, zimefungwa vizuri kwenye karatasi. Alizifunga kwenye gitaa, akapiga mara mbili, akazifungua na kunirudishia.

"Hizi haziumake, Mama," akasema. "Gitare isiyouma kidole, itauma namna gani roho ya muntu?"

Nikamwambia duka halirudishi mali iliyofunguliwa. Akaziacha juu ya mizani na kwenda zake, na mpaka leo naanikia nguo ndogo kwenye kamba hizo.

Bafle lake lilisafiri juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo, limefungwa pamoja na jenereta ndogo, na kwenye miteremko ya Mushaki tulikuwa tunasikia magurudumu yale ya mbao kabla ya kumwona mtu. Alichukua nyimbo za kina mama wanaolima, zile za mmoja kuanza na wengine kupokea, akazipitisha kwenye mashine ile mpaka kuku wakakimbia. Vijana waliita roki. Katekista mmoja aliita kelele za shetani. Yeye alisema ni sauti ya jembe likigonga jiwe, na mtu ambaye hajalima Masisi hawezi kuijua. Kabla ya kuanza alitumia muda mrefu mno kukaza kamba, tunamsubiri juani, anageuza funguo, anasikiliza, anageuza tena. Ukimharakisha, anaanza upya kwa makusudi.

Sasa nije kwenye majina ya watu, maana hapo ndipo uzito wake ulipokuwa.

Kila anayesikiliza muziki wa Kongo anajua kwamba wanamuziki hutaja wakubwa katikati ya wimbo: tajiri fulani, mheshimiwa fulani, mke wa fulani. Huko Kinshasa wanaita kutupa libanga. Si kosa, watu wanakula. Ila Muzee wa Gitare hakutaja mtu hata mmoja. Wafanyabiashara wa kwetu, wenye malori, walimwomba, akakataa. Mgombea mmoja wa uchaguzi alimletea mbuzi. Muzee mwenyewe akamrudisha kwa kamba, akipita naye katikati ya soko ili tuone. Hata mimi nilimjaribu. Nilimwambia, basi uniitie Butembo, nami nijibu siku moja.

"Butembo?" akacheka mpaka akakohoa. "Butembo haijapotea, Mama. Njo kwanza inakuja kutununua siye. Niiite ya nini?"

Nilikasirika siku mbili tatu. Kisha nikaona mzee amesema kweli, na hilo likaniudhi zaidi.

Kuhusu majina hayo, mkubwa wa kweli wa kumjaribu alikuwa komanda. Sitasema wa kundi gani. Wakati ule makundi yalibadilishana kilima hiki kwa kile, na kila aliyefika alisema yeye ndiye wa mwisho. Huyu alikuwa ameishika Mweso, na siku ya soko aliketi mbele kabisa ya onyesho kwenye kiti cha plastiki, miwani myeusi usoni, askari wake nyuma. Kabla ya ule wimbo wa vijiji, askari mmoja akapanda akamnong'oneza Muzee. Muzee hakunong'ona. Alisogea kwenye maikrofoni.

"Batu wangu, komanda anaomba nimutupie libanga," akasema. "Komanda, ku Lingala libanga njo jiwe. Miye situpiake muntu jiwe."

Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimesimama karibu na mzigo wangu wa sabuni, na nakumbuka niliuinamia kana kwamba sabuni zingenikinga. Komanda hakutikisika. Muzee akaendelea, kwa sauti ya mtu anayemuuliza mgeni kama ameshakula.

"Lakini muntu asirudi nyumbani bila kitu. Komanda, kwenu ni wapi?"

Miaka ile, swali hilo lilikuwa linaua watu. Uliulizwa njiani, kwenye kizuizi, na ukijibu vibaya hukuvuka. Na hapa mzee asiye na hata fimbo anamuuliza mwenye bunduki zote. Sijui kwa nini komanda alijibu. Nadhani ni kwa sababu alikuwa hajaulizwa kwa wema tangu atoke kwao. Alitaja kilima chake, taratibu, na mimi sikiandiki hapa kwa kuwa ndugu zake wangali wanaishi huko.

Muzee akagonga kamba ile moja na kukiita kile kilima, kwa nguvu ileile aliyoitia Kirolirwe. Kimya. Akaita tena. Halafu nyuma ya kiti, askari mmoja, mpishi wao nadhani, maana alikuwa na sufuria mgongoni, akapaza sauti: "Tuko!" Mwingine akafuata. Wakawa kama wanne watano, wanaume na bunduki zao, wanajibu, na mmoja alikuwa analia bila kujifuta. Komanda peke yake hakufungua mdomo. Aliinuka, akakiacha kiti kimelala, akaondoka.

Kesho yake walikuja kuchukua bafle na jenereta. Yeye hawakumgusa. Alikuja dukani kwangu amevaa makoti yake mawili, kama kawaida yake, akaketi juu ya gunia la chumvi.

"Wamebeba bafle," akasema. "Mudomo wameniachia. Wamekosea."

Na kweli walikosea. Miezi yote iliyofuata aliimba bila mashine, amesimama juu ya jiwe pale penye turubai za wakimbizi, na kwa sababu sauti yake haikufika mbali, waliokuwa mbele waliita tena kwa walio nyuma, na hao kwa walio nyuma zaidi. Kijiji kiliitwa mara tatu kabla ya kujibu. Nikuambie ukweli, sijawahi kusikia wimbo ule ukiwa na nguvu kama miezi ile. Baadaye sisi wapenzi wake tulimtafutia bafle jingine, likapanda kutoka Butembo juu ya lori la mfanyabiashara wa kwetu, mmoja wa wale walionyimwa libanga. Alilileta bure na kulipakua mwenyewe. Muzee alimwambia asante, na jina lake hakulitaja.

Msidhani alikuwa mtakatifu. Alikuwa mwenye wivu wa ajabu. Mtu akimsifia mpiga gitaa mwingine mbele yake, ghafla anaumwa kichwa. Alihubiri kwamba mtu asijikweze, huku akipaka nywele rangi nyeusi, ile inayoshuka kwenye shingo mvua ikinyesha, na mvua ya Masisi mnaijua. Alimuuliza komanda kwao ni wapi, lakini radi ilikuwa inamwingiza chini ya meza yangu, mzee mzima na makoti mawili, ananiambia nizime redio isije ikaiita. Kanisani alikwenda kila Jumapili na kukaa nje, karibu na dirisha, kwa sababu kwaya ilimuuma masikio. Padri alipomwomba aingie awafundishe, alijibu kwamba Mungu amewazoea hivyo. Kasiksi, pombe ya ndizi, alikunywa, si sana, ila akinywa alikuwa analaumu ndizi na si yeye.

Na kwenye jambo moja hakuwa na mzaha hata chembe.

Ilikuwa hapa Mweso, kwenye kiwanja cha shule. Alikuwa anaita vijiji vya upande wa Walikale, akaita Isangwa. Katikati ya umati sauti moja tu ikajibu, ya mwanamke, nyembamba: "Niko."

Muzee akasimamisha gitaa. Jambo hilo hakulifanya hata risasi zikilia.

"Nani amesema?"

Watu wakasogea, na huyo mwanamke akabaki peke yake, beseni la makayabu kichwani. Ni yule ambaye baadaye alikuja kuuza samaki wake wa chumvi mbele ya duka langu, tukawa marafiki wa kugombana. Tunamwita Mama wa Makayabu.

"Ni miye, Papa," akasema. "Niko peke yangu. Bengine sijue kama bako."

"Mama, kijiji haisemake niko."

"Lakini niko peke yangu, Papa. Nitasemaje tuko? Nitakuwa ninasema uongo."

"Hapana uongo. Weye unajibu kwa bote. Bale balikufa, bale balipotea, bale batazaliwa. Ukisema niko, njo umebazika bote leo." Akapiga kamba. "Isangwa!"

Mwanamke yule akalitua beseni chini. Akajibu "Tuko!" kwa sauti ambayo sikujua mwili mdogo ule unaweza kuitoa. Tangu siku hiyo hakukosa onyesho, na kila Isangwa ilipoitwa alijibu peke yake kwa wingi.

Mimi nilimuuliza Muzee kuhusu Luhemba mara moja tu, mchana mmoja wa mvua alipokuwa amenaswa dukani. Nilimuuliza kwa sababu nilikuwa nimechoka kuogopa swali. Alikuwa anakula kipande cha fromaji, jibini ya Masisi, kwa kisu chake kidogo, akakiweka chini.

"Mama, miye najua ni nani ametoka," akasema. "Nimewatafuta mpaka kule mu machimbo ya Walikale. Sijaona hata mumoja. Sasa nikiita, na hakuna muntu anaitika, itakuwa namna gani? Njo itakuwa imekufa. Nisipoita, labda iko."

Nilimwonea huruma kiasi cha kumkasirikia. Mtu aliyewafundisha wote kujibu, yeye mwenyewe hakuwa na wa kumwita.

Miaka ikaenda, vita vikaja na kurudi, kikohozi kikazidi. Wakati fulani sauti yake ilianza kukatika katikati ya maneno, na vidole vikawa havishikilii kebo kama zamani. Tukasikia kwamba anasema ataimba mara moja zaidi, kisha gitaa litapumzika. Sisi wapenzi wake tukakutana mbele ya duka langu. Tukasema tumfanyie sherehe, mtu huyu ametubeba miaka yote, asiondoke kimya kimya. Watu wa Kirolirwe walisema wataleta fromaji na maziwa. Wengine walitaka kumnunulia kofia. Yeye alipoletewa habari alisema hataki makelele ya namna hiyo, kisha jioni akatuma mtu kuuliza ni nani na nani watakuja.

Mkutano ulipoisha, Mama wa Makayabu alibaki, anafukuza nzi kwenye samaki wake.

"Siku ile nitaita Luhemba," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwambia kile Muzee alichoniambia siku ya mvua, ambacho sikuwa nimemwambia mtu. Nikamwambia ukiita na kukawa kimya mbele ya watu wote wale, utamuua mzee pale pale, tena siku ya sherehe yake.

"Yeye anatuitaka siye bote," akasema. "Yeye, nani anamuitaka?"

"Ni ukatili," nikasema.

"Mama Butembo, ukatili ni kumuacha akufe bila kuitwa. Weye haujue. Haujajibuka siku hata moja."

Hilo lilinichoma, kwa kuwa ni kweli. Tuligombana mpaka wateja wakaondoka. Sikumkubalia. Nilimwambia akithubutu asikae tena mbele ya duka langu, na akahamisha beseni lake siku hiyo hiyo, kwa madaha, mpaka upande wa pili wa barabara.

Wiki ya sherehe, mizinga ikaanza kusikika nyuma ya vilima. Wakubwa wa mji walishauri tuahirishe. Tukauliza tuahirishe mpaka lini? Kama tungekuwa tunangoja vita vituruhusu, kusingekuwa na harusi hata moja Masisi, wala ubatizo, wala viazi shambani. Tukafagia kiwanja cha shule. Asubuhi watu wakaanza kuteremka, wa Mushaki, wa Kirolirwe, wale wa njia ya Walikale wakiwa na matope mpaka magotini, wamelala njiani. Waliokuwa wamekimbia upya walikuja na magodoro yao, kwa sababu hawakuwa na pa kuyaacha, wakayakalia. Mizinga ilikuwa inalia kule, na huku jenereta inalia, na mimi nilijisikia nina furaha ya ukaidi ambayo sijawahi kuwa nayo kanisani.

Alifika akiwa amevaa makoti yote mawili, nywele nyeusi kama lami. Alikaza kamba kwa muda mrefu kuliko siku zote na hakuna aliyemharakisha. Aliimba ya ng'ombe, aliimba ya wakwe. Sauti ilikuwa imebaki nusu, tukamwimbia nusu nyingine. Kijana mmoja akapaza jina la ubatizo la Muzee ili amtukuze. Muzee akamnyooshea kidole.

"Hata langu haliingie humu," akasema.

Kisha gitaa likashuka kwenye kamba ile moja.

Aliita Kirolirwe, wakajibu. Aliita Mushaki, wakajibu mpaka nikahisi ardhi inatetemeka, au ilikuwa mizinga. Aliita vijiji vya turubai kimoja kimoja, anapumzika katikati, anashika kifua, anaita tena. Mwishoni kabisa akaita Isangwa, na Mama wa Makayabu akajibu "Tuko!" kutoka mstari wa pili. Hapo wimbo huwa umekwisha. Lakini mwanamke yule hakuketi. Nilimwona anavuta pumzi na nikasema moyoni, usifanye, mama, usifanye.

"Luhemba!" akaita.

Mkono wa Muzee ulibaki juu ya kamba. Jenereta ikasikika peke yake. Watu waligeuka kumtazama yule mwanamke, kisha wakamgeukia yeye, na yeye akanitazama mimi. Alijua ni mimi niliyesema. Nilitaka ardhi inimeze.

"Nani amekutuma?" akamuuliza, mbali na maikrofoni.

"Hakuna," akajibu. "Luhemba!"

Kimya kile kile. Niliona anaanza kulivua gitaa begani, na nikajua akilivua hatalivaa tena, wala sherehe haitakuwa sherehe tena, itakuwa mazishi ya kijiji, na sisi ndio tuliowaita watu kuyaona. Sikufikiri. Mimi wa Butembo, ambaye hakuna kilima hapa kinachonihusu, nikapaza sauti nyuma ya mwenzangu niliyemfukuza: "Luhemba!" Mtu wa Mushaki akaita. Wa Kirolirwe wakaita. Kisha kiwanja kizima, magodoro na yote, kikaita kwa sauti moja kile kijiji ambacho tulikuwa tumekinyamazia miaka yote hiyo kwa heshima, na kuna wakati heshima yenyewe ni uoga tu.

Aliacha kuvua mkanda. Alitutazama kana kwamba anatafuta mtu nyuma yetu, mbali, mlimani. Rangi ya nywele ilikuwa inashuka na jasho kwenye shingo yake. Midomo ilicheza mara kadhaa kabla ya neno kutoka, na lilipotoka lilikuwa dogo.

"Niko," akasema.

"Papa!" Mama wa Makayabu akampigia kelele, anacheka na kulia pamoja, kidole juu. "Papa! Kijiji haisemake niko!"

Watu wakapiga makofi, wakapiga yowe. Muzee akainamisha kichwa kama mwanafunzi aliyekamatwa. Akalirudisha gitaa begani, akakaza kamba ile moja, akasikiliza, akakaza tena, nasi tukangoja. Halafu akasogea karibu na maikrofoni, akafumba macho, na kwa kile kilichobaki cha sauti yake akawajibia wote.

"Tuko."